"Si ablok tu" sio jibu

Ndugu Mhariri,

Niko kwenye utafiti wa dokumentari kuhusu watu wanaotuma picha zao za utupu kwa watu wasiowajua, yaani hujawahi kuongea nae, hujamuomba kitu, unafungua meseji unakutana na sehemu zake za siri. Kila nikiigusia hii mada naambiwa "si ablok tu", na hilo jibu linaniuma sana.

Chukua dada anaeuza vitenge WhatsApp. Namba yake iko kwenye kila tangazo maana duka lake ndio hiyo simu. Namba ngeni ikiingia na "habari dada, hicho cha bluu bei gani" lazima aifungue, anataja bei, inayofuata ni picha ya huyo baba. Akimblok leo kesho anarudi na laini nyingine, na huyu dada hawezi kuacha kufungua meseji za wageni kwa sababu wageni ndio wateja wenyewe.

Halafu wengi wa hao wanaotuma siku hizi wanatumia ile picha ya kuangalia mara moja. Ukiifunga imeondoka, na tangu 2022 WhatsApp wameizuia isipigwe skrinshoti. Walitaka kumlinda mtu anaemtumia picha yake mtu anaemwamini, hilo ni jema kabisa, lakini kwa huyu dada ushahidi unapotea akiwa ameushika mkononi. Mmoja ameniambia aliiacha simu mezani ikiwa wazi vile vile akakimbia kwa jirani kuazima simu nyingine apige picha kioo, anarudi anakuta mwanae keshaichukua simu anatafuta katuni. Picha haipo, na mtoto ameiona. Sasa polisi aende na nini?

Hata angekuwa nayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya hapa Tanzania ya 2015 kifungu cha 23 inataka aliyetuma awe na nia ya kutisha, kusumbua au kumuumiza mtu kihisia. Hapo kwenye nia ndio wanapochomokea. Jamaa atasema nilikuwa natania, nilikosea namba, nilidhani kanipenda, na hapo ndio inabidi ithibitishwe kilichokuwa kichwani mwake. England na Wales nao sheria yao iliyoanza kazi Januari 2024, yenye kifungo hadi miaka 2, wameifunga kwenye nia, lazima ionekane alitaka kukuumiza au alikuwa anatafuta starehe yake bila kujali utaumia. Machi mwaka huo huo mwanaume mmoja wa Essex alihukumiwa wiki 66 jela kwa kuwatumia picha kama hiyo binti wa miaka 15 na mwanamke mwingine, pamoja na kuvunja masharti ya hukumu yake ya nyuma, ila huyo alikiri mwenyewe. Wasiokiri je?

Texas, Marekani, tangu Septemba 2019 wanauliza kitu kimoja, huyu aliyetumiwa aliomba au alikubali? Kama hapana ni kosa, imeisha hiyo, mambo ya utani hayaingii. Faini yao haizidi dola 500, kwangu mimi ni ndogo mno, lakini swali lao ndio lenyewe, na ndio naomba wabunge wetu waliweke kwenye sheria yetu, ridhaa ya aliyepokea kwanza. Tena iandikwe wazi kwamba anaepeleka hiyo picha polisi hasambazi picha chafu, maana nimekutana na wanawake wanaofuta kila kitu haraka haraka kwa kuogopa kukamatwa wao.

Wanawake waliokubali kuongea nasi tunao wengi. Tunaowakosa ni wanaotuma. Kama kuna msomaji wako aliyewahi kutuma na yuko tayari kusema alikuwa anawaza nini, sura na sauti tutaficha, aandike kupitia kwako mhariri, nitamfuata popote alipo.

Mtafiti wa dokumentari,
Dar es Salaam