Barua kwa Mwanangu: Ualimu na Riwaya

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema unataka kuacha kufundisha uandike riwaya, na kwamba ualimu nilikuchagulia mimi. Ni kweli, nilikuchagulia.

Juzi nimemaliza Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Baba yake Yusuf anadaiwa na tajiri Aziz, basi anamtoa mwanawe awe rehani. Mtoto anapanda gari moshi akidhani anatembezwa tu na ami yake, maana ndivyo anavyomwita huyo Aziz. Hapo nilifunga kitabu, nikaikumbuka fomu ya chuo niliyokujazia kwa mkono wangu. Niwie radhi, mwanangu.

Ila mwandishi mwenyewe naye alikuwa mwalimu. Alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi, akasomea Uingereza. Alifundisha Kano, Nigeria, kisha Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu mwaka 2017. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu uhakiki wa riwaya za Afrika Magharibi, na baadaye alihariri juzuu mbili za makala kuhusu waandishi wa Afrika. Miaka yote hiyo alikuwa akizichambua kazi za wenzake huku anaandika zake. Riwaya ya kwanza ilitoka 1987, akiwa na miaka 38. Alipopewa Nobel mwaka 2021 alikuwa na riwaya kumi na umri wa miaka 72.

Mimi naamini uhakiki ulimsaidia. Anayezoea kuuliza kwa nini sentensi ya mwenzake imelegea hawezi kuiachia ya kwake ipite hivi hivi. Na wewe kila wiki unasoma insha za watoto arobaini. Unaona wapi mtu anasema kweli na wapi anajaza karatasi.

Kuna jambo moja la maisha yake haliniondoki. Hakuweza kurudi nyumbani mpaka 1984, akamwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Mimi nakuomba usinikasirikie kwa muda mrefu hivyo.

Uamuzi ni wako, nami sitajaza fomu nyingine. Idi ukija, Peponi iko mezani, na ukurasa ule wa gari moshi nimeukunja pembe. Njoo na daftari lako, unisomee ulipofikia.

Baba yako