Risala ya kikundi chetu kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu, akina mama, vijana, shikamooni na karibuni sana.

Kikundi chetu cha Waswahili wa upande wa magharibi wa Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani, kilianza na familia sita za Kongo, Burundi na Tanzania, leo tumekuwa wengi na mafanikio ni makubwa mno, tuna viti 40 vyetu wenyewe, masufuria mawili ya pilau, darasa la Kiswahili kila Jumamosi na timu ya vijana iliyoshika nafasi ya pili.

Sasa mheshimiwa, hewa. Baridi ikikaza mwezi wa kwanza, hewa yenye joto inatanda juu kama kifuniko, moshi wa magari na wa majumbani unanasa huku chini katikati ya milima ya Wasatch na Oquirrh, haupati pa kutokea. Jumamosi moja darasani mtoto pampu yake ya pumu ilikuwa imeisha, akawa anaitikisa tu anamwangalia mwalimu. Kipindi kiliishia hapo.

Serikali inalijua hili. Mwaka 2009 bonde letu liliandikwa kuwa eneo lisilofikia kiwango cha vumbi laini, PM2.5, ambacho ni mikrogramu 35 kwa mita ya ujazo ndani ya masaa 24, na mwaka 2017 tukatolewa daraja la uchafuzi wa wastani tukapelekwa daraja la uchafuzi mzito. Mwaka 2024 kiwango cha wastani wa mwaka nacho kikashushwa toka 12 hadi 9. Na eneo likishaandikwa hivyo jimbo linabanwa lilete mpango wa kupunguza moshi, ndo maana sisi tunaona uainishaji huu ni uhai wetu, sio makaratasi.

Lakini gavana anapendekeza eneo lipi liandikwe na EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali kuu, inaamua kwa namba za miaka mitatu za vituo rasmi, tena moshi wa moto wa msituni unaweza kuombewa utolewe kwenye hesabu, wakati watoto wameshauvuta. Kile kisensa cha kupimia hewa cha bei rahisi tulichochangishana tukatundika mlangoni hakihesabiwi kabisa, hata kikiwaka chekundu wiki nzima.

Kwahiyo ombi letu ni moja: kituo rasmi cha kupimia hewa, hapa hapa mtaani kwetu.

Mheshimiwa, kwa heshima zote, mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapo hapo ulipo akasema kabla ya baridi ijayo kituo kitakuwepo, akina mama wakapiga vigelegele mpaka wakakaukiwa, tukamvisha na kitenge. Baridi mbili zimepita na barua tatu tulizoandika hazijajibiwa hata kwa mstari mmoja. Wewe hatukulaumu, hukuwepo, na tunakushukuru umekuja wewe mwenyewe hukutuma mtu. Ila safari hii tunaomba kabla hujatoka utuandikie jina la ofisa wa kumfuata na tarehe ya kumfuata. Daftari na kalamu viko kwa katibu, meza ya mbele.

Ni sisi wanakikundi.