Majibu ya saratani ya utumbo yataje na seli za kinga

Mhariri,

Mimi ni mtaalamu wa maabara Mwanza. Nakata vipande vyembamba vya nyama ya uvimbe na kuvipaka rangi juu ya kioo ili daktari avisome kwa hadubini. Kwa saratani ya utumbo mpana, majibu hutaja imepenya hadi wapi na kama imefika kwenye tezi za limfu. Kioo hichohicho kina habari nyingine muhimu. Mwaka 2006 mtafiti Jérôme Galon na wenzake huko Paris walionyesha kwamba uvimbe uliojaa seli T za kinga, zinazotambuliwa kwa protini zake ziitwazo alama za CD3 na CD8, una uwezekano mdogo wa kurudi baada ya upasuaji. Mwaka 2018 utafiti wa wagonjwa 2,681 wa nchi 13 ukathibitisha hilo.

Vipimo vya alama hizo ni ghali, najua. Lakini hata kwa rangi ya kawaida seli hizo huonekana, vidoti vyeusi vimezingira ukingo wa uvimbe. Nawasihi madaktari wetu waziandike. Na wapasuaji, tafadhali, formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ijae chupani! Napokea nyama iliyokwisha kuoza, na hapo hakuna kipimo kitakachosaidia.

Mtaalamu wa maabara,
Mwanza