Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi yako kwenye jedwali la mweka hazina mlilotumiwa pamoja na taarifa hii, kwa hiyo sitayarudia. Hapa naeleza michango yenu imefanya kazi gani kwenye visima vya maji vya vijiji vya mkoa wa Lindi, na kwa nini kamati inapendekeza kwamba mwaka 2026 chama kisichimbe kisima kipya hata kimoja.

Mwaka ulianza vibaya kwa sekta nzima. Tarehe 20 Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika 1 Julai USAID, shirika lake la misaada, ikawa imefungwa rasmi. Mwezi Februari Uingereza nayo ilitangaza kushusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Chama chetu hakitegemei fedha za serikali, hivyo hatukupungukiwa moja kwa moja. Kilichoongezeka ni maombi, na karibu yote yanataka kisima kipya. Si ajabu. Kisima kipya kina picha, kina utepe, kina kibao chenye jina la mfadhili. Sili ya pistoni, kipande kidogo kinachozuia maji kuvuja ndani ya pampu, haina sherehe. Lakini tangu mwaka 2009 RWSN, mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, ulikadiria kwamba takribani pampu moja kati ya tatu za mkono Afrika kusini mwa Sahara haifanyi kazi. Kuchimba cha nne wakati cha tatu kimekufa ni kujidanganya.

Kwanza, namna tunavyohesabu. Zamani taarifa zetu zilizidisha idadi ya kaya kwa sita na kuandika jumla kuwa "walionufaika". Sensa ya 2022 inaonyesha wastani wa kaya Tanzania ni watu 4.3, na sasa tunatumia hiyo. Pia hatuhesabu kijiji kizima. Tunahesabu kaya zinazochota kwenye kisima husika mwezi Septemba na Oktoba, kiangazi kikiwa kikali, na kaya inaingia hesabuni iwapo kwenda, foleni na kurudi haizidi dakika 30. Kwa kipimo hiki namba zetu zimeshuka kuliko za mwaka jana, ingawa hakuna aliyekosa maji kwa sababu hiyo. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400, na lita 25 kwa mtu kwa siku. Kaya 60 kwa 4.3 ni watu 258, kwa hiyo kijiji kinachosema pampu moja inahudumia kaya 150 kinatuambia chenyewe kwamba foleni yake ni ya saa nyingi.

Visima vyetu vingi vina pampu ya Afridev, ambayo watu wa huko huita mdundiko kama pampu nyingine zote za mkono. Inafaa kina cha hadi mita 45. Maji yakiwa mita 20 chini, inatoa takribani lita 900 kwa saa, yaani ndoo 45 za lita 20. Uzuri wake ni kwamba fundi wa kijijini, mwanamke au mwanamume, anaweza kuifungua kwa spana moja na kuvuta pistoni na valvu ya chini bila kung'oa bomba zima. Ubaya wake ni kwamba ina vitu vidogo vinavyolika: sili, oringi (pete za mpira), na bushi za plastiki ambamo mpini huzunguka. Hivi hubadilishwa kila mwaka hata kama pampu bado inatoa maji. Bushi ikiisha, mpini huanza kugonga na kuyumba. Wakiendelea kupampu hivyo hivyo, chuma husuguana na chuma, na kipuri cha bei ndogo kinageuka kuwa kichwa kizima cha pampu.

Mwaka huu kila kamati ya maji tuliyofanya nayo kazi ilipewa vipimo viwili. Cha kwanza: pampu ipumzike dakika 30, kisha hesabu mipigo hadi maji yatoke. Ikizidi mitano, maji yanashuka chini. Kagua oringi ya valvu ya chini, halafu maungio ya bomba. Cha pili: pampu mipigo 40 kwa dakika moja, mpini ukipanda na kushuka mpaka mwisho, huku ukikinga maji. Yakiwa chini ya lita 10, sili ya pistoni imechoka. Sili nyingi zilizotolewa zilikuwa na mikwaruzo ya wima pande zote, alama ya mchanga. Hapo kubadilisha sili peke yake hakusaidii, kwa kuwa mpya nayo italika vivyo hivyo. Kisima kinahitaji kusafishwa, na chujio na changarawe yake kuangaliwa.

Tatizo gumu zaidi ni maji mekundu. Maji ya chini ya ardhi yenye pH (kipimo cha asidi) chini ya 6.5 hula fimbo za chuma zilizopakwa zinki, zile zinazounganisha mpini na pistoni. Baada ya muda asubuhi maji yanatoka na rangi ya kutu, wali unabadilika rangi, nguo nyeupe zinaharibika, na kina mama wanarudi kwenye bwawa. Kwenye takwimu pampu hiyo inaonekana "inafanya kazi". Kwetu tumeiandika imekufa. Dawa ni fimbo za chuma cha pua, ghali zaidi mwanzoni, na kupima pH kabla ya kuagiza. Aliyeuziwa fimbo bila kupimiwa maji asikubali kulipa.

Upande wa fedha za vijiji, Sheria Na. 5 ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na kuweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO, kuwa wasimamizi. Tumeacha kukabidhi vipuri kwa mwenyekiti wa kijiji. Vinapokewa na chombo hicho na kuingizwa kwenye daftari. Michango ya kila mwezi hulegea kwa sababu mkulima wa Lindi hapati fedha kila mwezi. Anapata ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, kisha korosho kuanzia Oktoba. Tuchukue mfano wa shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi: kaya 60 ni 720,000 kwa mwaka. Zikikusanywa kwa awamu mbili, 6,000 baada ya ufuta na 6,000 baada ya korosho, mtunza fedha ana kazi mara mbili tu, tena watu wakiwa nazo mkononi. Vijiji vilivyokubali utaratibu huu ndivyo vinavyonunua sili vyenyewe.

Sasa Gift Aid, mpango wa serikali ya Uingereza wa kurudisha kodi kwenye michango ya hisani. Kila pauni 1 ya mwanachama anayelipa kodi Uingereza inarudishiwa chama peni 25, bila yeye kuongeza kitu. Tunapoteza fedha hizi kwa mambo mawili. Fomu inakosa jina kamili au anwani ya nyumbani. Na mtu anakusanya michango ya wenzake kumi, kisha anaituma kwa jina lake. Hiyo ya pili HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, haiikubali, maana si mchango wake. Kila mmoja atume mwenyewe na ajaze fomu yake. Fedha taslimu za kwenye kapu, zisizozidi pauni 30 kwa mtu, zina utaratibu wake wa mchango mdogo. Wakusanyaji waandike tarehe na jumla siku hiyo hiyo.

Hoja ya kamati itakayopigiwa kura ni hii: fedha zote za miradi za 2026 ziende kwenye ukarabati, vipimo vya maji na akiba ya vipuri Lindi mjini, na ombi lolote la kisima kipya lisubiri hadi vile vilivyopo vipimwe kiangazi. Wanaopinga wapeleke hoja zao kwa katibu kwa maandishi kabla ya mkutano, wakitaja kijiji na kina cha maji kilichopimwa Oktoba. Kina kilichopimwa Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, hakitapokelewa.