Kijiko cha sita kilipindwa upya: nikirudishe umbo lake la awali au nikiache?

Mhariri,

Naomba ushauri wa wasomaji wanaokusanya vijiko vya kale vya fedha vya Uingereza. Ninavyo sita vya mezani vya London, vyote vina muhuri wa fundi mmoja na herufi ya mwaka, L ya mwandiko wa kale, yaani 1766 hadi 1767. Mihuri iko chini kwenye mpini, karibu na bakuli la kijiko, kama ilivyokuwa kawaida kabla ya miaka ya 1780. Imebanwa na kuvutika kwa sababu mpini ulipigwa nyundo tena baada ya mihuri kugongwa. Hilo halinisumbui; mihuri safi mno mahali hapo ndiyo ingenitia shaka.

Vitano ncha ya mpini imepinda kwenda juu, upande wa mbele una mgongo mwembamba, na nembo ya ukoo imechorwa nyuma, kwani mezani vilikuwa vikilazwa kifudifudi. Cha sita ncha imepinda kwenda chini, nembo iko mbele. Mtindo huo ulianza kushika miaka ya 1760, kwa hiyo ningeweza kuamini kilizaliwa hivyo. Lakini nyuma ya ncha kidole kinasikia kibonde: unene ni milimita 1.1, wenzake 1.7. Kina gramu 61, wenzake 66 hadi 69. Ukikiinamishia taa, ule mgongo wa mbele bado unaonekana kwa mbali. Nadhani nembo ya nyuma ilikwanguliwa, ncha ikapindwa kufuata mtindo.

Sonara anataka kukipasha moto hadi nyuzi 650 hivi, kisha akirudishe kwa nyundo ya mbao. Hofu yangu ni shaba, asilimia 7.5 ya mchanganyiko: ikipata moto huacha doa la kijivu chini ya uso, na kuliondoa ni kusugua kijiko kizima, mihuri ikiwemo. Kukipinda bila moto ni hatari pia, ncha ni nyembamba na inaweza kupasuka. Kujazia fedha sikufikirii kabisa. Sheria ya Uingereza ya 1973 inadai idhini ya ofisi ya upimaji, ile inayopima ubora wa fedha na kugonga mihuri, kwa mabadiliko ya namna hiyo.

Je, kuna aliyewahi kurudisha ncha nyembamba hivi bila doa? Au nitafute kingine cha fundi huyo, hata kama nembo ni tofauti? Na siku ya kuuza, nivitangaze kama seti ya sita, au vitano na kimoja pembeni?

Mkusanyaji wa vijiko