Programu ya kusikiliza wateja mtandaoni

Habari za jioni wanakikundi. Wengi mmeniuliza tulipie programu ipi ya kufuatilia watu wanavyosema mtandaoni kuhusu mvinyo wetu wa zabibu. Jamani, kabla hela haijatoka, ijaribuni kwanza kwa Kiswahili cha mtaani. Mteja wa Area C hapa Dodoma akiandika "huu mvinyo ni noma", anasifia! Programu isiyojua hivyo itahesabu lawama. Iwekeeni pia neno "waini" na majina ya mvinyo wenu jinsi watu wanavyoyakosea kuandika.

Google Alerts, huduma ya Google inayokutumia taarifa neno lako likitokea mtandaoni, ni ya bure, ila inaleta kurasa za wavuti tu. Umbea wa magrupu ya WhatsApp hauupati humo. Mimi ningeanza nayo.

Jumamosi saa 4 asubuhi, Nyerere Square. Kila mmoja aje na maneno matano ya kufuatilia, na simu yenye chaji tafadhali.