Tupeni nusu saa ya benchi, wagonjwa wa kisukari tufundishane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wakubwa wanaosimamia kliniki za kisukari katika hospitali zetu, na wagonjwa wenzangu nao wasikie. Mimi ni mama lishe hapa Tanga. Nina kisukari aina ya pili na presha juu yake, na siku ya kliniki naamka alfajiri kama wengine nikawahi namba.

Daktari anatuona kwa dakika chache. Anaangalia kadi, sukari ya asubuhi, presha, anaandika dawa, anaita mwingine. Simlaumu, foleni anaiona na yeye ni mmoja. Ila kabla hatujamfikia tumeshakaa benchini asubuhi nzima, na hapo benchini ndipo mambo mengi ya matibabu yetu yanapoamuliwa. Nani ataikubali insulini, ile dawa ya sindano ya kushusha sukari, na nani ataikimbia, nani atafunga Ramadhani, nani ataweka vidonge kando anywe maji ya bamia: yote hayo yameshapita midomoni mwa wagonjwa kabla daktari hajashika kalamu. Wauguzi wanajua, na jibu lao ni lile lile: "Acheni kudanganyana, sikilizeni wataalamu." Sijaona mtu aliyenyamazishwa na maneno hayo.

Na hatuwezi kunyamaza kwa sababu nyumbani hakuna wa kumuuliza. Homa ya mtoto, kuhara, tumbo la uzazi, kila bibi ana la kusema. Ujuzi wa kisukari hatukurithishwa. Utafiti uliofanyika vijijini Tanzania miaka ya 1980 ulikuta mgonjwa asiyetimia hata mmoja katika kila watu 100. Ule wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Najua tafiti hizo hazikupima watu wa aina moja, lakini tofauti hiyo hata sisi wa mtaani tunaiona. Ugonjwa umetufikia kabla ya ujuzi wake. Anayejua ni mgonjwa mwenzio aliyekutangulia.

Mazuri ya benchi yanasemwa kidogo, kwa hiyo nianze nayo. Alikuja mzee mmoja ameshakata shauri kwamba sindano hachomi, kwa kuwa mtaani kwake aliyeanza insulini alizikwa mwaka ule ule. Muuguzi alishamweleza, daktari alishamweleza, wapi. Pembeni yake alikaa bibi mmoja wa Pongwe, mwembamba, mcheshi, anayejichoma tangu wajukuu zake wakubwa hawajazaliwa. Bibi hakumhubiria. Alifungua kipochi chake, akatoa kichupa cha ile insulini yenye ukungu, akakiviringisha taratibu kati ya viganja. "Baba, usikitikise. Kiviringishe hivi mpaka kiwe cheupe chote." Akamwonyesha namna ya kuingiza hewa kwanza ndipo uvute dawa, na namna ya kugonga bomba kwa ukucha ili mapovu yapande juu. Kisha akabana ngozi ya tumbo juu ya kanga: leo huku, kesho kule, maana ukichoma palepale kila siku panafanya uvimbe, na dawa inayoingia kwenye uvimbe haifanyi kazi sawasawa. Mzee akauliza kama inauma. Bibi akamwambia siafu anauma zaidi. Alipoitwa jina, mzee aliingia ndani kuiomba sindano mwenyewe.

Huyo huyo bibi hana friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, na iliyofunguliwa inavumilia hali ya kawaida ya chumba kwa takriban wiki nne. Lakini chumba cha bati Tanga mwezi wa pili kina ukawaida gani? Yeye anaweka kichupa kwenye kikopo chenye kifuniko, kikopo ndani ya chungu kidogo, chungu hicho ndani ya kikubwa chenye mchanga anaoulowesha asubuhi na jioni, halafu vyote viwili anavisukuma pembeni penye upepo, mbali na jiko. Mwenye friji, alitufundisha pia, asiiweke karibu na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda hata ikiyeyuka haifai tena. Sasa niambieni, daktari gani ana muda wa kunifundisha kupanga vyungu?

Upande wa chakula mniachie mimi, ni kazi yangu. Benchini watu wameaminishana kwamba dona ni ruhusa. Nina mteja hali sembe katakata. Anaagiza dona, anamaliza sahani, anaomba nyongeza, kisha anateremshia na soda baridi. Dona ina nyuzinyuzi, ni bora kuliko sembe, lakini ni wanga vile vile, na mlima wa dona unapandisha sukari. Nikimpakulia mwenye kisukari, nusu ya sahani huwa mchicha au kisamvu, robo ugali, robo samaki au maharage. Wengine wananuna wakidhani nawapunja. Mteja mwingine mwenye kisukari akiwaonyesha kipimo chake cha mwezi huu na cha mwezi uliopita, wanaacha kununa.

Mabaya ya benchi nayo sitayaficha. Watu wanamegeana vidonge. Kuna mwenzetu aliishiwa dawa, akapewa za jirani, "si zote za sukari?" Zile zilikuwa glibenklamaidi, dawa inayosukuma kongosho itoe insulini hata kama hujala. Akameza asubuhi bila kutia kitu tumboni, akaenda sokoni. Walimkuta ametota jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, na waliomzunguka walishaanza kuuliza nani amfukizie ubani, mashetani yamempanda. Bahati akapita mwingine wa kliniki. Akaomba maji, akakoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari, akamnywesha angali na fahamu zake, wakangoja robo saa, akapata nafuu, akalishwa mkate. Angekuwa amezimia kabisa hangepaswa kutiwa kitu mdomoni, ni kukimbizwa hospitali. Aliyemponza alikuwa wa benchi letu na aliyemwokoa alikuwa wa benchi letu.

Kubwa kuliko hilo ni kuchanganya aina mbili za kisukari kwenye benchi moja. Wengi wetu tuna aina ya pili: mwili bado unatoa insulini ila haitoshi au haifanyi kazi inavyotakiwa. Mtoto mwenye aina ya kwanza mwili wake hautoi kabisa, au unatoa kidogo mno. Kabla insulini haijaanza kutumika kwa binadamu mwaka 1922, mtoto wa namna hiyo hakuwa na maisha marefu. Siku moja nilisikia watu wazima wenye nia njema kabisa wakimshauri mama wa mtoto kama huyo ampumzishe sindano wiki moja, ampe mlonge, kwani fulani alifanya hivyo na sukari ikashuka kutoka 14 hadi 6 (kwa kipimo cha mmol/L). Huyo fulani ni mzee wa aina ya pili na bado alikuwa anameza metformini, vidonge vya kushusha sukari. Mtoto wa aina ya kwanza akikatiwa insulini anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa kasi, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Muuguzi alikuwa anapita na mafaili, akasikia, akasimama, akaeleza pale pale mbele yetu sote. Kwa dakika chache tulijifunza kuliko mabango yote ya ukutani. Asingepita je?

Ndipo linapokuja ombi langu. Kliniki za VVU zilishalitatua jambo hili zamani. Pale kuna WAVIU washauri, wagonjwa wenyewe waliofundishwa, wanampokea mgeni, wanamweleza walivyoanza dawa, wanamfuatilia aliyepotea. Hakuna anayesema hao wanadanganyana. Kwa nini sisi wa kisukari tuonekane watu wa uvumi tu? Chama cha Kisukari Tanzania kipo tangu mwaka 1985, na kila tarehe 14 Novemba tunaitwa kupimwa na kuvaa fulana. Fulana nashukuru, lakini Novemba ni mara moja kwa mwaka, na kliniki ipo mwaka mzima.

Tupeni nusu saa asubuhi, kabla daktari hajaanza kuita majina. Muuguzi mmoja akae nasi, wagonjwa wawili watatu wazoefu waliopewa mafunzo waongoze, mgeni aulize. Mpaka uwe huu: mgonjwa afundishe anavyoishi, dozi amwachie daktari. Namna ya kuchoma, kuhifadhi, kupakua, kukagua nyayo usiku kwa kioo, kung'uta viatu kabla ya kuvaa, hayo tuachiwe. Idadi ya vidonge, kubadili dawa, kuacha dawa, hapo muuguzi akate.

Ramadhani nayo ijadiliwe humo mapema, tangu Rajabu, daktari apate muda wa kupanga upya dawa za anayeruhusiwa kufunga. Wapo wanaoogopa kupima kwa kudhani tone la damu linafunguza. Wanazuoni na madaktari wa kisukari wameshasema halifunguzi. Na anayepima akakuta sukari iko chini ya 3.9 afungue hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi imebaki robo saa.

Tuonyane pia kuhusu mashine. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa hiyo tunachanga, mashine moja watu kadhaa. Sawa, mashine ifutwe vizuri kila baada ya mtu, lakini kile kisindano cha kutobolea kidole kila mtu na chake, kitumike mara moja kitupwe, na kalamu ya kukishikia, kama ipo, nayo kila mtu na yake. Homa ya ini na VVU havichagui kwamba hawa ni ndugu wa kliniki moja.

Kuna na ya aibu. Mwanaume hawezi kumwambia daktari kijana, tena wa kike, kwamba chumbani mambo hayaendi. Mwanamke anawashwa na fangasi wasioisha, anaona haya. Wanaishia kununua mizizi barabarani, wakati chanzo mara nyingi ni hiyo hiyo sukari iliyopanda muda mrefu na tiba ipo. Mzee mwenzio akikwambia, "hata mimi, na nilimwambia daktari, akanisaidia," unaingia ndani ukiwa na ujasiri. Na miguu iliyokufa ganzi tuache kuiloweka kwenye maji ya moto na chumvi. Nimeona malengelenge ya mtu aliyejibabua bila kuhisi, na kidonda chake mpaka leo hakijafunga.

Mganga mfawidhi wa hospitali ninayotibiwa akisoma barua hii, hatuombi jengo wala posho. Mabenchi yapo na sisi tupo, tunaokaa na njaa mpaka tutobolewe kidole. Tunachohitaji ni muuguzi mmoja na ruhusa. Tukishapimwa, chai ya rangi isiyo na sukari na mihogo ya kuchemsha, kipande kimoja kimoja, nitaleta mimi.

Mama lishe mwenye kisukari,
Tanga